Faili Lililotiwa Tisa

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya dirisha la dawa, mahali ambapo mgonjwa akifika anajua kapotea. Ndani mlikuwa na rafu za chuma toka sakafuni hadi darini, kompyuta tatu, feni iliyogeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa posa, na wafanyakazi watatu.

Kila faili la mgonjwa lilipita hapo kabla ya kwenda kulala rafuni. Kazi ya hao watatu ilikuwa kusoma alichoandika daktari na kukigeuza kuwa msimbo, yaani herufi moja na tarakimu chache. Malaria ina msimbo wake. Mkono uliovunjika una wake. Aliyeng'atwa na mbwa ana wake na aliyeng'atwa na panya ana wake, hawachanganywi. Kompyuta haijui kusoma mwandiko wa daktari, na kusema kweli si kompyuta peke yake. Inajua msimbo tu. Wakubwa wakitaka kujua ni wangapi wana ugonjwa fulani, au nani aitwe kwa dawa fulani, wanaiuliza kompyuta, nayo hutoa majina ya wenye msimbo huo. Asiyekuwa na msimbo huo hayupo, hata kama amekaa kwenye benchi la nje.

Sasa, mwisho wa karibu kila fungu la misimbo kuna nukta, halafu tisa. Tisa maana yake ugonjwa upo ila haukufafanuliwa. Kwa mujibu wa kitabu, tisa hutumika pale tu daktari mwenyewe hakusema zaidi. Kwa mazoea ya chumba kile, tisa ilikuwa jaa. Mwandiko haukusomeka, tisa. Ukurasa umelowa chai, tisa. Saa ya kutoka imekaribia, tisa. "Mtie tisa tusonge," ndiyo ilikuwa salamu ya Kasuku, baba wa watoto watatu aliyekaa karibu na mlango na ambaye hakupewa jina hilo kwa sababu ya manyoya.

Mkuu wa chumba alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Wote walimwita Shangazi, ingawa mle ndani hakuwa na ndugu hata mmoja. Na wa tatu, mdogo kuliko wote, aliitwa Mama Kipipi kwa sababu ya binti yake wa miaka miwili, ambaye kila asubuhi alimwacha kwa bibi yake akiwa na biskuti moja mkononi na nyingine mfukoni. Mara tatu kwa wiki, akitoka kazini, Mama Kipipi alipitia masomo ya jioni ya kumbukumbu za afya, katika shule ya watoto wadogo ambako madawati yalikuwa mafupi hata magoti yake yakagusa kidevu. Mambo ya daftari lake aliyachukua kwa uzito. Kasuku alikuwa akimtania kwamba siku moja atampa hata mbu msimbo.

Jumatatu moja, Kasuku alikuwa ametoka kunywa chai, ndipo dirisha likagongwa.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo," akasema Mama Kipipi akiinuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nije kwa watu wa kompyuta. Ndio nyie?"

"Ndio sisi."

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, futi ya kushonea ikiwa bado imening'inia shingoni, pini mbili kwenye ukosi wa blauzi. Mshonaji, hakuhitaji kusema. Pembeni yake, juu kidogo ya ubao wa dirisha, yalionekana paji la uso na macho mawili.

"Kifungo, salimia."

"Shikamoo," yakasema macho.

"Marahaba. Uko darasa la ngapi?"

"La saba."

Mama Kipipi alikuwa amejiandaa kusikia la pili. Alijitahidi uso wake usisogee.

"Watu wote hushangaa," akasema msichana.

"Na mimi nimeshangaa kidogo."

"Afadhali wewe umesema."

Mshonaji alimtuma bintiye akakae kwenye benchi, kisha akasogeza uso karibu na dirisha na kushusha sauti. "Mwanangu, nisikilize. Mwaka jana daktari wa hapa alimtoa huyu damu. Akasema inapelekwa mbali, majibu yakija mtaitwa. Tukakaa. Ukiambiwa na daktari kaa, unakaa. Wiki iliyopita nasikia kwenye redio kuna sindano za kuwasaidia wasichana wasiokua, zimeletwa kliniki ya ukuaji. Nimekwenda. Muuguzi katafuta kwenye kompyuta, kasema mwanao hayumo. Orodha inatolewa Alhamisi saa sita mchana, na asiyekuwemo hayumo."

"Ulimwuliza kwa nini?"

"Nilimwuliza. Akanisomea kilichoandikwa. 'Kasoro ya kromosomu za jinsia, isiyofafanuliwa.' Nikamwambia nifafanulie. Akasema mama, ndiyo hivyo, haijafafanuliwa." Mshonaji akawa analainisha ubao wa dirisha kwa kiganja, kama anapiga pasi. "Neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani. Wifi yangu kalisikia. Sasa hivi nyumba nzima inanong'ona kama mwanangu ni msichana au si msichana. Na yeye ana masikio."

Mama Kipipi akaomba kadi.

"Mimi kazi yangu ni kushona," mshonaji akaendelea huku akiitafuta kadi mkobani. "Kila Januari watu wananiletea sketi za shule niwakunjulie pindo, watoto wamerefuka. Sketi ya huyu niliacha pindo la vidole vinne. Huu mwaka wa tatu. Sijalikunjua."

Namba ya kadi ilileta ukurasa kwenye kompyuta. Q tisini na saba, nukta tisa. Pembeni, mahali pa namba ya karani aliyeandika, palikuwa na kumi na nne.

Kumi na nne alikuwa yeye mwenyewe.

Aliiangalia ile tarehe. Ilikuwa wiki yake ya tatu kazini. Alikwenda rafuni, akapanda ngazi, akalitoa faili. Karatasi ya daktari ilisema: "Kimo kifupi. Kasoro ya kromosomu za jinsia, aina bado haijajulikana. Majibu yanasubiriwa." Basi kwa siku ile tisa haikuwa kosa. Kosa lilikuja baada yake. Faili linalosubiri majibu haliendi rafuni. Linatiwa tisa ya muda, kisha linawekwa kwenye kapu la kusubiri, kapu jekundu la plastiki chini ya dirisha, na kila Ijumaa mtu analipekua kapu kuona majibu ya nani yamekuja. Lakini Mama Kipipi alipoanza kazi, kapu lile lilikuwa na miavuli mitatu na ndala za Kasuku. Hakuna aliyemwambia ni kapu la nini, naye hakuuliza. Alijifunza kwenye masomo ya jioni, miezi mitano baadaye. Siku ya pili yake aliiondoa miavuli, akajiona shujaa. Kurudi nyuma kwenye mafaili ya wiki zake za kwanza, hilo halikumjia.

Akafunua ukurasa wa mwisho. Majibu ya maabara yalikuwepo, yamebanwa vizuri kwa pini. Mhudumu wa rafu aliyapokea miezi kumi na moja iliyopita na kuyabana mahali pake, kama anavyobana karatasi zote. Kusoma si kazi yake.

Arobaini na tano, X.

Hilo alilijua. Lilikuwa kwenye daftari lake, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: watu wengi wana kromosomu arobaini na sita; msichana mwenye arobaini na tano na X moja tu ana hali ya Turner; msimbo wake Q tisini na sita, nukta sifuri. Na wasichana wanaotafutwa na kliniki ya ukuaji walikuwa wale wa Q tisini na sita. Fungu la jirani tu. Ni kama barua iliyopelekwa nyumba ya pili, na mwenye nyumba hiyo hajui kusoma.

Alirudi dirishani na faili kifuani.

"Ana nini mwanangu?" akauliza mshonaji.

Jibu lilikuwa pale, upana wa karatasi moja kutoka moyoni mwake. Alimfikiria Kipipi na biskuti yake. Kama ningekuwa mimi upande ule wa dirisha, akawaza.

"Mama, mimi siruhusiwi kutaja ugonjwa wa mtu. Nikitaja, nitakuwa nimevaa koti la daktari. Ila nitakuambia hili, majibu yalikuja. Yapo humu kwetu."

"Tangu lini?"

"Miezi kumi na moja."

Kiganja cha mshonaji kikasimama juu ya ubao. "Nani aliyakalisha?"

"Kumetokea kosa," akasema Mama Kipipi. Likatoka hivyo, kosa lisilo na mwenyewe, kama mvua iliyonyesha. Masikio yakamwaka moto. "Nipe siku mbili. Jumatano asubuhi njoo na mtoto, mkae kwenye benchi la kliniki ya ukuaji. Hata wakikwambia hamumo, kaeni."

"Tumezoea kukaa," akasema mshonaji, wala si kwa ubaya.

Kasuku aliporudi alisikiliza yote huku akijifuta makombo. "Sasa tatizo liko wapi? Badilisha. Tarakimu mbili tu. Saba iwe sita, tisa iwe sifuri. Umemaliza, kanyonyeshe mtoto."

"Kipipi ameacha ziwa tangu mwaka jana."

"Basi kamnunulie pipi."

"Kaka, hilo limefungwa. Likipita miezi mitatu halifunguki bila ufunguo wa Shangazi. Na kliniki watakagua kila jina na mstari wa daktari. Wasipoukuta, wanalikata."

"Lakini karatasi si inasema?"

"Karatasi imesema. Daktari hajasema."

Shangazi alikuwa akisikiliza bila kuinua kichwa. Alivaa miwani yake. "Lete." Akasoma mbele, akasoma nyuma, akakaa na ile tarehe kwa muda. "Daktari aliandika nini?"

"Aliandika anasubiri."

"Basi na sisi tunasubiri. Karani hasomi damu. Huyu daktari yuko wapi?"

"Alihamishwa mwaka jana."

"Tafuta mwingine amwone mtoto, aandike mstari mmoja. Mmoja tu. Nitakupa ufunguo."

"Shangazi, wa kliniki ya ukuaji hamwoni mtu asiyekuwemo kwenye orodha."

"Na orodha inatoka kwenye msimbo," akadakia Kasuku. "Na msimbo unatoka kwa daktari. Na daktari anataka orodha. Mbuzi kafungwa kamba kwenye kigingi, anazunguka mpaka anajinyonga."



Kulikuwa na njia moja, Mama Kipipi aliikumbuka akiwa anafunga begi. Hati ya swali. Kwenye droo ya chini kabisa kulikuwa na kitabu chake, karatasi za manjano, kimeshika vumbi kwa sababu madaktari walizichukia. Karani asiyeelewa faili anaruhusiwa kumwandikia daktari yeyote anayehusika na tatizo hilo, na daktari anatakiwa ajibu kwa kalamu yake. Lakini hati ile ina sheria, na mwalimu wao wa jioni, mzee mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, aliirudia mara nyingi: swali lisibebe jibu mgongoni. Huruhusiwi kumwuliza daktari, "Je, huyu ana ugonjwa huu?" Hapo unamtia maneno mdomoni, na atakayekuwa ametibu ni wewe. Unaweka mbele yake yaliyomo kwenye faili, unauliza, unanyamaza.

Jumanne mchana, wakati wenzake wanakula, alikaa na ile karatasi ya manjano. Ya kwanza aliandika: "Daktari, je, huyu si mgonjwa wa Turner?" Akaichana. Ya pili ilimweleza daktari habari za sketi na pindo, za wifi na minong'ono. Aliisoma, ikamtoa machozi, akaichana pia. Machozi hayana sehemu kwenye hati ya swali. Ya tatu ikawa hivi:

"Daktari. Msichana wa miaka kumi na miwili, kimo sentimita mia moja ishirini na mbili. Daktari aliyemwona mwaka jana aliandika: kimo kifupi, kasoro ya kromosomu za jinsia, aina haijajulikana, majibu yanasubiriwa. Majibu ya maabara yapo ukurasa wa mwisho. Hakuna daktari aliyeyaandikia chochote. Tafadhali yasome, umwone mgonjwa ukiona inafaa, kisha uandike utambuzi wako, kama upo."

Kasuku aliisomea begani kwake. "Umemaliza? Hata hujambembeleza."

"Ndiyo sheria."

"Basi sheria yenu ina roho ngumu," akasema, kisha akaongeza taratibu, "lakini imesimama vizuri. Mimi ningeijibu."

Jumatano, saa tatu, benchi la kliniki ya ukuaji lilikuwa limejaa. Mshonaji alikuwa mwishoni, ameshika nguo anayoitia lesi kwa mkono, na Kifungo kando yake, miguu haifiki chini. Muuguzi wa mlangoni alikuwa na karatasi kwenye ubao.

"Hao nimeshawaambia hawamo," akasema kabla hajaulizwa.

"Sikuleta mgonjwa, dada. Nimeleta swali."

"Swali gani?"

"La daktari. Limeandikwa." Akaionyesha hati ya manjano juu ya faili. "Kwenye orodha yako kuna mahali wamekataza karatasi kuingia?"

Muuguzi aliiangalia orodha, kana kwamba huenda kweli pangekuwepo. Akalichukua faili, akaingia nalo.

Walikaa. Mshonaji alishona. Kifungo akauliza Kipipi ni nani, maana alisikia watu wakimwita Mama Kipipi, akaambiwa ni mtoto wa miaka miwili anayeficha biskuti kwenye viatu. Akauliza kama anakua vizuri. Mama Kipipi akasema anakua. Kifungo akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima anayesikia habari njema ya jirani.

"Mama," akasema Mama Kipipi, akimgeukia mshonaji. Alikuwa amelala na neno hilo usiku wa pili. "Juzi nilikwambia kumetokea kosa. Halikutokea. Nililifanya mimi. Faili la mwanao nililiweka rafuni mimi, kwa mkono huu, na halikutakiwa kwenda rafuni. Nilikuwa mgeni kazini, lakini nilikuwa na mdomo wa kuuliza, sikuuliza."

Sindano ya mshonaji ilisimama katikati ya kitambaa. Mgonjwa mmoja akaitwa, akaingia, akatoka.

"Ulipokuwa ukisema 'kumetokea', nilijua," akasema mwishowe. "Mimi nikichoma nguo ya mtu kwa pasi, huwa nasema 'imeungua'." Akaivuta sindano. "Nimekasirika. Usidhani sikukasirika. Lakini kaa hapa hapa, usiondoke."

Akakaa.

Mlango ukafunguliwa. "Nani kaandika hii?" Daktari mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ndogo, ile hati ya manjano mkononi.

"Mimi, daktari."

"Majibu haya yalikuwa wapi mwaka mzima?"

"Rafuni kwetu. Nililiweka faili pasipo pake."

Daktari alimtazama kwa muda ambao Mama Kipipi aliuhesabu kwa mapigo ya moyo, akafika tisa. "Siwezi kuandika ugonjwa wa mtu nisiyemwona. Nikimpangia siku, ni wiki ijayo, na orodha ni kesho. Mtoto anakaa mbali?"

"Anakaa hapo," akasema Mama Kipipi, akionyesha benchi.

Kifungo akainua mkono, kama yuko darasani.

Daktari aliangalia benchi, akamwangalia karani, na mdomo wake ukavutika upande mmoja. "Ingieni. Na wewe mwenye swali, ingia, jibu lake utalibeba wewe."

Alimpima kimo, akampima uzito, akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Akatazama shingo, viganja, kucha. Akamtuma na muuguzi kupiga picha ya mkono chumba cha tatu, na picha iliporudi akaiweka kwenye taa, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mifupa bado haijajifunga," akasema. "Nafasi ipo. Mngekuja mwakani, tungeongea mengine." Akageuza kiti, akamwelekea Kifungo, si mama yake. "Binti, nakuambia wewe kwanza, kwa sababu ni mwili wako. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maelekezo ya jinsi ya kumjenga. Wasichana wengi wana X mbili. Wewe umezaliwa na moja. Hukuifanya wewe, hakuifanya mama yako, wala hakuna aliyewatazama kwa jicho baya. Inatokea tu. Inaitwa hali ya Turner. Ndiyo iliyokuzuia kurefuka, na huko mbele utahitaji dawa nyingine ili ubalehe. Moyo wako nao tutaupiga picha, tuhakikishe."

"Kwa hiyo mimi ni nini?" akauliza Kifungo.

"Msichana. Hilo halijawahi kuwa swali."

Mshonaji aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu pini kwenye ukosi wake kwa kidole. Zilikuwa mbili tu, lakini alizihesabu mara nyingi.

"Sindano ni za kila siku?" Kifungo akaendelea.

"Kila jioni, kwa miaka michache. Wenzako wengi hujifunza kujidunga wenyewe."

"Nyumbani kwetu sindano zimejaa," akasema Kifungo, na daktari akacheka kwa ile sauti yake ndogo.

"Daktari," mshonaji akasema, "nina wifi yangu."

"Mwambie aje hapa, nimweleze. Bila kupanga foleni."

Kisha daktari akachukua kalamu na kuandika kwenye faili, mstari mmoja, kwa mwandiko unaosomeka: "Hali ya Turner, kromosomu 45,X." Akatia sahihi na tarehe.

Alhamisi saa nne asubuhi, Mama Kipipi aliweka mbele ya Shangazi faili na fomu ya masahihisho. Fomu ile ilikuwa na mahali pa namba ya aliyekosa na mahali pa sababu, na nakala yake ilikwenda kwa mkuu wa hospitali. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili. Kwenye namba aliandika kumi na nne. Kwenye sababu, watu huandika "makosa ya kibinadamu" wakamaliza. Yeye aliandika: "Faili lilikuwa linasubiri majibu. Nililiweka rafuni badala ya kapu la kusubiri. Sikujua kapu ni la nini, na sikuuliza."

Shangazi aliisoma, akaisoma tena. "Mficha uchi hazai," akasema. "Lakini na wewe umejivua mpaka shati la ndani." Akachukua kalamu yake, na chini ya maneno yale, kwa mwandiko wa kizamani ulioinama, akaongeza: "Kapu lilikuwa na miavuli. Mkuu wa chumba ni mimi." Akatia sahihi. Halafu akaufungua uzi wa miwani, ambamo kumbe ndimo alimofunga ufunguo mdogo wa kompyuta, akamkabidhi.

Q tisini na sita, nukta sifuri. Mama Kipipi alibonyeza taratibu, kidole kimoja kimoja. Saa sita kasoro dakika kumi kliniki waliivuta orodha. Kasuku, aliyekuwa na rafiki kila ofisi, alipiga simu kwa karani wa kule akiwa amesimama.

"Ndiyo. Ndiyo. Nisomee namba za kadi. Taratibu, bwana, huna ng'ombe wa kufukuza." Akasikiliza, akitingisha kichwa kwa kila namba. Kisha akaacha kutingisha. "Irudie hiyo." Akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, na Mama Kipipi akaifuata kwenye faili kwa kidole mpaka ya mwisho.

"Ni yeye," akasema Mama Kipipi, akakaa chini.

Mchana ule ule walikuja dirishani, wametoka kupewa tarehe ya kuanza. Mshonaji hakutaka kitu, alitaka tu kuona kwa macho yake. Mama Kipipi akauandika msimbo kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma juu ya ubao.

"Na mimi nione," yakasema macho mawili chini ya dirisha. Kasuku akatoka nje, akamwekea katoni ya karatasi asimame juu yake. Uso wote ukatokea, pua, mashavu na kidevu.

"Sifuri?" Kifungo akasema. "Shuleni sifuri ni mbaya."

"Humu ndani mbaya ni tisa."

Kifungo alikikunja kile kipande, akakitia mfukoni mwa sketi. Mama yake alikuwa anaitazama ile sketi, sehemu ya chini, pale mshono wa pindo ulipopita.

"Vidole vinne," akasema. "Silifumui bado. Lakini uzi nilioshonea ni wa kufumuka upesi."

Walipokwisha kuondoka, Shangazi alilisukuma kapu jekundu kwa mguu mpaka katikati ya chumba. Ndani hamkuwa na mwavuli hata mmoja. Akainua macho kwenye rafu ya kwanza, ya juu kabisa, iliyojaa vumbi.

"Tisa zote," akasema. "Za mwaka jana na za mwaka juzi. Kasuku, shika ngazi."

"Shangazi, zitafika mia mbili."

"Basi shika vizuri."

Mama Kipipi alikuwa ameshapanda.